Utando Uliokauka Juu ya Spika

Požega, 11 Oktoba 1987

Dada Vida,

Pokea salamu zetu sote. Mimi mzima, mke wangu Stana mzima ingawa ananuna kwa sababu nimekanyaga sakafu aliyopiga deki. Plamu mwaka huu zimeanguka kabla ya wakati. Baba amezikusanya hivyo hivyo, na kila baada ya mti mmoja anasimama, anajifanya anatazama mawingu. Anatafuta pumzi huyo, si mawingu. Ngazi tatu za stesheni yangu ya treni sasa hazipandi mpaka akae kwanza kwenye benchi na kumlaumu mwashi aliyezijenga.

Sasa sikia. Unamkumbuka Budimir, niliyekuwa naye jeshini? Yuko Belgrade, kwenye wodi ya moyo, na ndiye anayepanga wagonjwa zamu. Nilimpelekea paja zima la nguruwe, lile lililokaa moshini tangu mwaka jana, na chupa ya rakija, ile pombe kali ya plamu anayoipika baba. Mkono mtupu haulambwi. Baba ameingia katika watu kumi wa kwanza watakaowekewa vali mpya za moyo, zile zinazoshonwa kwa utando mnaoupima nyinyi. Nilipomwambia Budimir kwamba anayezipima ni dada yangu, alicheka, akasema basi mzee atavaa shati alilokatiwa na bintiye.

Baba anawaambia watu wa mkahawani kwamba wewe unaiimbia mioyo ya ng'ombe. Mwandikie umweleze kazi yako ilivyo, maana mimi nimeshindwa na sasa wananiita mwongo.

Ndugu yako,
Ognjen

Novi Sad, 25 Oktoba 1987

Mdogo wangu Ognjen,

Salamu zimefika, na mwambie Stana kwamba mimi niko upande wake. Huku hita za mji zimewashwa, nyumba zimekuwa tanuri. Kum Svetozar, baba yangu wa ubatizo ambaye bado tunakaa meza moja maabara, anakusalimu. Bado anakuita "yule aliyetapika kwenye joho la padri", kwa hiyo usidhani miaka imekusaidia. Maskini shingo yake imemshika tena, anakaa kazini na skafu kama yuko sokoni mwezi wa Januari.

Ognjen, umenifurahisha mno. Nimelisoma lile la watu kumi mara kadhaa. Nilitaka kupiga simu, lakini simu yetu iko mezani kwa katibu wa mkurugenzi, na habari ikipita pale inafika Hungaria kabla ya kufika kwako.

Msomee baba hivi. Moyo wa ng'ombe umefunikwa kwa utando mwembamba. Tunausafisha, tunauweka kwenye maji yenye dawa, kisha tunauwamba kwenye pete kama ngozi ya ngoma. Chini yake tunaweka spika ndogo. Tunaanza na sauti nzito, tunapandisha taratibu, na mwale wa taa unaoakisiwa juu ya utando unatuonyesha unavyocheza. Kila utando una sauti yake ambayo ikipigwa hucheza kuliko zote. Uliolegea hucheza kwa sauti nzito, uliokaza kwa sauti nyembamba. Tukiijua sauti hiyo tunajua utando una nguvu kiasi gani bila kuukata wala kuuchana. Wenye sauti ya chini ya kipimo tunautupa. Uliopita unaenda kushonwa.

Zile kumi za kwanza nimezipima mimi na Kum, wiki hii hii. Zimeimba vizuri. Mwambie baba shati lake limekatwa vyema.

Dada yako,
Vidosava

Novi Sad, 22 Novemba 1987

Ognjen,

Natumai hamjambo, na theluji haijawafunga. Jana nilikuwa kwa Kum, ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao. Mkate ulikatwa, mishumaa ikawashwa, watu wakala mpaka wakafungua vifungo. Mke wake alinipa nyama ya kuwaletea, nitaituma kwa kondakta wa treni.

Nina neno moja. Baba asiharakishe. Kama Budimir anaweza kumrudisha nyuma kwenye foleni, amrudishe. Haraka haraka haina baraka, na miezi michache si kitu.

Usiniulize kwa nini. Mpe baba busu langu.

Vida

Požega, 6 Desemba 1987

Dada,

Salamu. Nyama imefika, asante, ingawa kondakta ameila pembeni na kusema ni panya.

Sasa niambie, umelogwa? Oktoba unaandika zimeimba vizuri. Novemba unaandika asiharakishe. Katikati hapo ng'ombe wamebadilika? Nimempa mtu paja zima la nguruwe, nimemkumbatia mbele ya wauguzi, nimecheka vichekesho vyake vya jeshini ambavyo hata jeshini havikuchekesha, halafu niende nimwambie baba yetu amebadili mawazo? Fadhila za punda ni mateke.

Wewe huko humsikii. Mimi nalala chumba cha pili na ninamsikia. Analala amekaa. Juzi Stana alimkuta ameegemea pipa la kabichi za kuchachusha, midomo ya bluu, anasema alikuwa anakagua chumvi. Miezi michache si kitu kwako, mwenye kuishi na mashine. Kwake ni kitu.

Kama kuna jambo, sema. Kama hakuna, usiniandikie tena kama mganga anayebashiri kwa masalia ya kahawa kikombeni.

Ognjen

Novi Sad, 20 Desemba 1987

Mdogo wangu,

Wasalimie wote. Nilistahili barua ile na sina kinyongo.

Nitakwambia, na ukishasoma uichome. Kabla ya sikukuu yake Kum alichukua likizo akanunue samaki na divai, nikabaki maabara peke yangu. Nikapima tando chache zilizobaki za fungu lile lile. Zikaimba kwa sauti nzito, chini kabisa ya kipimo. Nikadhani spika imeharibika. Nikabadili spika. Nikabadili pete. Zile zile, nzito. Nikakaa pale kwenye kiti nikitafuta ni nini kimebadilika chumbani, na kilichobadilika ni kimoja tu: feni ilikuwa inazunguka.

Juu ya meza yetu kuna feni inayosukuma hewa yenye mvuke, ili utando usikauke ukiwa kwenye pete. Inapuliza kwenye shingo ya mtu anayekaa upande wa Kum. Kum huizima. Huziba na tundu lake kwa gazeti. Anaogopa promaja, ule upepo wa kupita, kama mama alivyouogopa, kama unavyouogopa wewe unayemvalisha mbwa fulana. Wala hajajificha. Mkurugenzi mwenyewe akiingia huvuta mlango nyuma yake na kusema, "Afadhali, msije mkapooza." Sote tulimwona Kum akiizima na sote tulimhurumia.

Lakini hita zikiwashwa hewa ya chumbani hukauka, na utando hukauka nayo. Unajua ngoma za wapiga tarumbeta wa harusini, wanavyozisogeza kwenye moto ili zilie? Ndivyo hivyo. Utando dhaifu ukikauka hukaza, ukikaza huimba nyembamba, nasi tunaandika kwamba una nguvu. Ukiingia kwenye damu hulowa na kulegea. Vali ya namna hiyo itafanya kazi mwezi, miezi, labda mwaka. Kisha itaanza kuvuja, na siku moja itachanika.

Zile kumi ni dhaifu, Ognjen. Nimezipitisha kwa mkono wangu.

Sijamwambia mtu. Kum anastaafu Aprili. Ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo, ndiye aliyenitafutia kazi hii wakati baba alikuwa hana hata nauli. Habari hii ikitoka, hataagwa, atafukuzwa. Vali hazishonwi kabla ya Februari, wameniambia washonaji wenyewe, kwa hiyo nina muda. Acha Krismasi ipite, kisha nitazizuia. Nitatafuta njia.

Mweleze Budimir chochote utakacho, ila jina la Kum lisitoke kinywani mwako. Baba angoje.

Vida

Požega, 24 Januari 1988

Dada mpendwa,

Kristo amezaliwa, ingawa nimechelewa kukwambia. Theluji ilifunga njia, treni zilisimama, nilikuwa nalala stesheni na koleo mkononi kama mchimba makaburi. Ndiyo maana sikuandika.

Habari ni hii, kaa chini kwanza. Baba ameshapasuliwa. Tarehe kumi na mbili, Belgrade, na amepona. Wamemwekea vali ya chuma, ile ya zamani. Usiache mbachao kwa msala upitao, si ndivyo mama alivyokuwa akisema? Inalia tik, tik, tik. Ukikaa naye mezani kimya unaisikia. Anasema sasa hahitaji saa, na kwamba akiwa hai majirani watajua na akifa watajua. Midomo imerudiwa na rangi. Jana alipanda ngazi tatu za stesheni yangu bila kukaa, na alipofika juu alimtukana mwashi kwa sauti nzuri sana.

Kwa hiyo mambo yamekwisha. Wewe tulia. Usimharibie Kum uzee wake. Nimeichoma barua yako kama ulivyosema.

Ndugu yako anayekupenda,
Ognjen

Novi Sad, 7 Februari 1988

Ognjen wangu,

Nimelia mbele ya watu, kwenye foleni ya posta, na mwanamke mmoja akanipa leso akidhani nimefiwa. Mwambie baba nitakuja Pasaka kumsikiliza. Mwambie asinywe rakija, dawa ya kulainisha damu haipatani nayo. Najua atasema glasi moja si kunywa.

Na mimi nimefanya la kwangu. Nilimwendea mkurugenzi nikamwambia spika ilikuwa mbovu mwezi ule, kwamba fungu lote halina kipimo cha kuaminika, lirudishwe. Alinung'unika, akakubali. Kum alikuwa amekaa pale pale na skafu yake, akanitetea. "Msichana huyu akisema mbovu, ni mbovu." Nilitaka ardhi ipasuke. Feni nimeihamishia upande wangu. Nilisema napenda baridi, na sasa wote wananionea huruma, wananiletea chai ya maua.

Washonaji wamerudisha tando. Zimerudi tisa. Nimeuliza, wanasema moja ilishonwa mapema, Desemba, kwa ombi la hospitali, kuna mtu alisukuma.

Ognjen, ni wewe uliyesukuma? Ilikuwa ya baba? Kama ilikuwa ya baba na baba amewekewa chuma, ile ya utando iko wapi?

Vida

Požega, 16 Februari 1988

Dada Vida,

Salamu nyingi. Huku theluji inayeyuka, matope yamefika magotini, kuku wa Stana wameanza kutaga. Baba anatembea hadi darajani na kurudi. Amegombana na padri kuhusu bei ya mishumaa, ndipo nilipoamini kweli amepona. Mtoto wa jirani huja kila jioni kuweka sikio kifuani kwake, asikie saa. Stesheni wametuletea benchi mpya, mbaya kuliko ya zamani.

Budimir anakusalimu.

Usijitese na mambo ya hospitali. Wao ni madaktari, wanajua wanachofanya. Ukija Pasaka tutachoma mwanakondoo.

Ognjen

Novi Sad, 21 Februari 1988

Ognjen,

Sitawasalimu leo. Vali hiyo iko kabatini au iko ndani ya mtu?

V.

Požega, 1 Machi 1988

Vida,

Iko ndani ya mtu.

Nilitaka kukwambia tangu Januari, kalamu ikakataa. Ndiyo, nilisukuma. Ulipoandika miezi michache si kitu, nilikuwa tayari nimemwomba Budimir amfanyie baba ya kwanza kabisa, ishonwe kabla ya zote. Sikukwambia kwa sababu nilidhani unaogopa tu, wanawake wasomi mnaogopa sana. Kisha ikaja barua yako ya Desemba. Nilisimama nayo kwenye ofisi ya stesheni, treni ya mizigo ikapiga honi nje kunitafuta, sikutoka.

Ningemwambia Budimir nini? Uliniambia Kum asitajwe. Nilimwambia mzee wetu ni mshamba, anataka chuma kama trekta yake. Budimir akasema hakuna shida, mwingine ataipokea kwa furaha. Nikasema sawa. Vida, nilisema sawa. Wakati ule kichwani mwangu kulikuwa na midomo ya baba tu.

Anaitwa Rosanda. Ni mpishi wa shule huko Priboj, mjane, ana miaka arobaini na tisa. Alipasuliwa siku moja baada ya baba. Nilimkuta koridoni wiki ile ile, anatembea ameshika ukuta, na Budimir akamwambia, "Huyu ndiye ambaye baba yake amekuachia nafasi." Nilidhani atanipa mkono. Aliuchukua mkono wangu akaubusu. Mimi, mwenye umri wa kuwa mdogo wake. Akasema amengoja miaka mitatu na hana mtu wa kumsemea popote, na kwamba Mungu atamlipa baba yetu. Nikamwambia si kitu, mama.

Mwezi uliopita ametuma soksi za sufi kwa baba, amezifuma mwenyewe. Baba anazivaa. Anauliza huyu mwanamke ni nani, nasema wa hospitalini.

Sasa unajua. Baba ni mzima. Kum atastaafu kwa heshima. Labda umekosea, labda hiyo moja ni nzuri. Ukisema, mimi nimekwisha hapa, Budimir amekwisha, na wewe uliyemdanganya mkurugenzi umekwisha. Nakuomba kama ndugu yako wa tumbo moja, liache.

Ognjen

Novi Sad, 8 Machi 1988

Mdogo wangu Ognjen,

Leo ni siku ya wanawake, taasisi nzima inanuka maua. Kum aliniletea maua mekundu kama kila mwaka. Niliyapokea, nikafunga mlango, nikamwambia yote.

Hakunielewa mara ya kwanza. Nikauwamba utando mmoja kwenye pete, feni ikiwa imewashwa, akasikia mwenyewe sauti unayochezea. Nikazima feni. Tukakaa. Tukausikia ukipanda, Ognjen, pole pole, kama mtu anayepandwa na hasira. Alivua skafu, akaenda akawasha feni, akarudi akakaa chini yake, shingo wazi, mpaka muda wa kazi ukaisha. Kisha akasema, "Twende kwa mkurugenzi, mwanangu. Mimi nitaongea, wewe utathibitisha." Hakuniomba nimfiche. Mimi niliyemficha miezi mitatu sikuwa hata nimemuuliza kama anataka kufichwa.

Mkurugenzi amepiga kelele sana. Lile la spika nimelikanusha mbele yake. Kazi yangu sijui itakuwaje, ya Kum tunajua. Mkurugenzi aliipigia simu hospitali tukiwa pale pale. Wataita kamati. Walipouliza vali ilimfikiaje mgonjwa huyo, nimemtaja Budimir, na nimekutaja wewe. Sikuwa na jina lingine la kutoa. Nikasema pia kwamba nilijua tangu Novemba.

Usiniambie labda hiyo moja ni nzuri. Zile tisa nimezipima upya, zikiwa na unyevu kama inavyotakiwa. Hakuna hata moja iliyofika kwenye kipimo.

Sina haki ya kukuhubiria. Kabla hujasema sawa kwa Budimir, mimi nilisema Krismasi ipite. Wewe ulimwona baba tu, mimi nilimwona Kum tu. Huyu Rosanda hakuwa na wa kwake kati yetu, basi akapewa yeye.

Hospitali wanasema watamwandikia barua afike kuchunguzwa. Unazijua barua zao: atafika baada ya mavuno. Wakimfungua mapema na kubadilisha, atapona. Wakingoja mpaka aanze kuvimba miguu, sijui. Kwa hiyo ninakwenda Priboj mwenyewe, nimpeleke Belgrade. Ninaogopa, sitaki kukudanganya. Sijawahi kumwambia mtu jambo kama hili.

Barua hii nampa kondakta ili ikufikie kabla yangu. Jumamosi nitakuwa kwenye treni ya asubuhi kutoka Belgrade, behewa la pili, dirishani upande wa stesheni yako. Inasimama kwako, unaijua kuliko mimi. Utatoka na kofia yako nyekundu na kibao chako cha ishara kuiruhusu iondoke. Unaweza kukiinua nikaenda peke yangu, na sitakutukana, wala baba sitamwambia mimi. Au mkabidhi msaidizi kofia hiyo, nawe upande treni twende pamoja. Mimi nitamweleza Rosanda habari za utando na spika, hilo ni langu. Lakini mkono alioubusu si wangu.

Dada yako,
Vidosava